Wakimbiaji wa Agosti

Achieng ndiye aliyenitwika kazi hii. Wiki yangu ya mwisho ofisini alisimama karibu na meza yangu, kikombe cha chai mkononi, akasema, "Uncle, hizi vitu zote ziko kwa kichwa yako. Ukienda nazo, sisi tutafanya nini?" Nikamjibu kwamba watafanya kama walivyozoea kufanya nikiwa likizo, yaani watanipigia simu wakati wa chakula. Hakucheka. Basi nimestaafu, nina wiki sita nyumbani, mke wangu ameshaanza kunitafutia shughuli, na nimeona heri niandike kuliko kupaka rangi bafu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza nimeandika kadi zisizo na idadi, kila moja maneno kumi au pungufu, na nimechoka kubanwa. Achieng atawatafsiria wengine. Namwomba asinipunguzie makali. Kuhusu vyeo sitasema kitu, maana nilipanda kimoja tu, na mshahara anaujua mke wangu kuliko mimi.

Kwa atakayeingia baada yangu na hajui ameingia wapi: ofisi yetu ipo Don Mills, ghorofa ya pili, juu ya daktari wa meno. Kazi yetu ni kuwalinganisha wakimbiaji wa vyuo vikuu kabla msimu mpya haujaanza. Nasema futiboli ya huku, ile ya kofia ngumu na mabega ya kuvimbishwa, ambayo mguu hauugusi mpira ila mara chache. Mkimbiaji ni yule anayekabidhiwa mpira mkononi na kutakiwa kupita nao katikati ya watu wanaotaka kumlaza chini. Kila Agosti tunatoa orodha mbili, moja ya vyuo vya Marekani na moja ya vyuo vya Kanada, na vilabu vya ligi ya kulipwa huzisoma ili kujua watume watu wao wakamtazame nani. Kijana akiwa juu kwenye orodha, ataonwa. Akiwa chini, huenda asionwe kabisa. Likumbukeni hilo kila mnaposhika kalamu.

Mimi sikuzaliwa katika mambo haya. Kazi yangu ya ujana ilikuwa uteuzi wa tumbaku, mkoani Tabora. Mteuzi ni mtu anayesimama mbele ya mtumba wa tumbaku, anachomoa majani, anayashika, anayanusa, anayainua kwenye mwanga, halafu anaandika daraja. Kazi nzima ni kulinganisha. Nilifanya hivyo miaka kumi na moja, mpaka mke wangu Mwanaidi, ambaye ni muuguzi, alipopata nafasi Toronto, nami nikamfuata nikiwa na sanduku moja na ujuzi ambao hapa hakuna aliyeuhitaji. Nilifanya kazi katika ghala la makochi huko Brampton. Nilibeba makochi ya watu kwa miaka mitatu, na nyumbani kwetu tulikuwa tunakalia viti vya plastiki.

Tangazo la kazi aliliona Mwanaidi. Walitaka mtu mvumilivu wa kutazama video na kuandika alichokiona. Nilikwenda Don Mills nimevaa suti ya harusi yangu. Mwenye kampuni, bwana mmoja mchangamfu aitwaye Craig, aliona kwenye karatasi yangu neno Tanzania akafurahi kupita kiasi. Akaniuliza kama nilikuwa nakimbia mbio ndefu au za kati. Nilimwambia kwa ukweli wote kwamba mara ya mwisho nilikimbia kuwahi treni, na haikuningoja. Alidhani ni unyenyekevu. Mpaka leo naamini Craig aliniita kwenye usaili akifikiri anaajiri bingwa wa Afrika Mashariki aliyejificha.

Aliyeniajiri hasa alikuwa Lorne. Huyu alikuwa mkimbiaji enzi zake, magoti yake yote mawili yalikuwa yameshachezewa na madaktari, na alikaa pembeni ya chumba ameweka mguu juu ya kiti. Aliniwekea video ya wakimbiaji wawili, mbio kumi kumi, akaniuliza yupi ni bora. Sheria za mchezo sikuzijua hata moja. Nilitazama kama nilivyokuwa nikitazama tumbaku. Mwishoni nikasema yule wa pili ameenda mbali zaidi, lakini wenzake wamemfungulia njia kila mara, na yule wa kwanza amefungiwa kila mara na bado anapata hatua mbili tatu za kwake mwenyewe. Nikasema mimi ningemchukua wa kwanza. Lorne alishusha mguu wake kutoka kwenye kiti. Jumatatu iliyofuata nilianza kazi.

Siku ya kwanza nilijifunza kwamba sijui kitu. Nilidhani yadi ni uwanja wa nyuma ya nyumba. Ndugu yangu wa Tabora aliponipigia kuuliza kazi mpya ikoje, nilijaribu kumweleza mchezo huu, kwamba timu ina majaribio matatu ya kusogea yadi kumi, na kule Marekani wana manne, na uwanja wao ni mwembamba kuliko wa huku. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akauliza ni lini wanaanza kucheza mpira.

Lorne alinifundisha kutazama kila mbio mara tatu. Mara ya kwanza unatazama miguu ya mkimbiaji tu, usiangalie kitu kingine. Mara ya pili unamsahau mkimbiaji kabisa na kuwatazama wale wanaomfungulia njia mbele. Mara ya tatu unatazama kinachotokea baada ya kugongwa: anaanguka mbele au nyuma, mpira ameukumbatia au umemponyoka, anaamka vipi. Ukimaliza unaandika kadi moja, alama kati ya moja na tano, na maneno kumi ya sababu. Mbio arobaini kwa kila mkimbiaji, kadi arobaini zenye namba, zinafungwa kwa rababendi na kuwekwa kabatini. Kompyuta zilikuja baadaye na mnazijua kuliko mimi, lakini kadi hamkuziacha, na nawashukuru. Kadi haiwezi kufutwa kimyakimya.

Kuna chombo kimoja nilicholeta mimi, na Lorne alikuwa akiwaambia wageni kwamba ni changu. Kule Urambo, mkoani Tabora, nilikokuwa nikiteua tumbaku, mkuu wetu wa uteuzi alitukataza kusoma jina la mkulima kabla hatujaandika daraja. Nilipoona tunatazama video zenye jina la chuo limeandikwa chini kwa herufi kubwa, nilikata kipande cha boksi la viatu nikakibandika kwenye kioo cha televisheni. Lorne akacheka, halafu akaenda mbele zaidi, akazima rangi, picha ikawa nyeusi na nyeupe ili hata jezi zisituambie kitu. Wiki hiyo hiyo vijana watatu wa vyuo vikubwa walishuka, na mmoja wa chuo ambacho hata Craig alikuwa hajui kiko jimbo gani alipanda hadi nafasi ya pili. Tangu hapo tunasema "kuzima rangi", na mnajua maana yake.

Makosa nilifanya mengi. Msimu wangu wa pili nilimpenda kijana mmoja wa kusini mwa Marekani kwa sababu ya mbio moja. Aliwapita watu saba, mmoja alimruka. Niliitazama mbio ile mara thelathini na nikaandika jina lake juu kabisa. Lorne hakubishana nami. Aliitoa kadi ile kwenye fungu, akanirudishia thelathini na tisa zilizobaki, akaniambia nimpange tena. Alikuwa wa kumi na nne. Niliudhika siku nzima, na chakula cha mchana nilikwenda kukila peke yangu kwenye bustani moja kule Wynford Drive, karibu na bwawa. Nilirudi nimetulia. Kijana mwenyewe msimu ule aliangusha mpira mara nyingi kuliko alivyoruka watu.

Nilijifunza pia kwamba mkimbiaji asiyeshika mpira mara nyingi anaweza kuwa bora kuliko anayeushika. Kuna mmoja wa Manitoba, mfupi, mnene, uso wa mtu anayesubiri basi. Kazi yake kubwa ilikuwa kusimama mbele ya mrusha mpira na kuzuia majitu yasimfikie. Magazetini hakuwemo. Mimi na Lorne tulimpa nafasi ya tatu ya Kanada na watu wakatuandikia barua za matusi. Nyingine zilikuwa na tahajia mbaya sana. Alicheza ligi ya kulipwa muda mrefu, na hata huko magazeti hayakumwandika.

Miaka ikaenda hivyo. Julai tunajifungia na mapazia yamefungwa wakati Toronto nzima iko ziwani, Agosti tunatoa orodha, Septemba tunaanza kuaibika au kujisifu. Niliipenda kazi hii. Nasema wazi kwa sababu vijana wa siku hizi mnaona haya kusema mnaipenda kazi. Nilikuwa naamka nikiwa na hamu ya kujua kijana nisiyemjua amefanya nini mguu wake wa kulia ulipoteleza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Achieng alilishuhudia kidogo, wengine hamkulijua.

Tunaishi Weston, kwenye jengo la zamani upande wa mto Humber. Ghorofa ya chini yetu anaishi Mama Trésor, Mkongo wa Bukavu, mjane, anayefanya usafi uwanja wa ndege. Mwanawe Trésor nimemwona akikua ngazini, kwanza na begi la shule, halafu na begi kubwa la futiboli linalonuka. Alikuwa akinisalimia kwa Kiingereza na mimi nikimjibu kwa Kiswahili, miaka yote, wala hakuna aliyeona ajabu. Akawa mkimbiaji wa chuo kimoja hapa Ontario. Akafika mwaka ambao jina lake lingeingia katika hesabu yetu.

Kwenye jengo letu, na msikitini, na kwenye sherehe za Watanzania, watu walishajua kazi yangu. Hawakuelewa yote, ila walielewa kwamba mimi huandika majina. Basi nikawa mtu wa kuvutwa pembeni. Kila mtu alikuwa na ushauri mmoja: mbebe kijana wetu. Mama Trésor peke yake hakuniambia hivyo. Alinikuta kwenye chumba cha kufulia nguo siku moja ya Juni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Papa Hamisi, mimi siombi umusaidie. Bakubwa ba vilabu bakimuona, itatosha."

Ofisini tulikuwa na kanuni ya Lorne, ya tangu mwanzo: ukimjua mchezaji, sema, kadi zake atazifanya mwingine. Julai ile Lorne alikuwa hospitalini, goti la kushoto linabadilishwa. Achieng alikuwa na miezi minne tu kazini. Nilijiambia kwamba picha imezimwa rangi, jina limezibwa, kwa hiyo simjui. Huo ulikuwa uongo. Trésor akilazwa chini huamka kwa kutanguliza mkono wa kushoto juu ya goti, vile vile anavyoamka mama yake akipumzika ngazini na mifuko ya sokoni. Kwenye kadi ya kwanza tu nilishamtambua. Nikaendelea.

Na hapa lazima niwaambie habari ya Urambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu ofisini. Mwaka mmoja mtumba wa baba yangu mdogo ulikuja mbele yangu. Niliujua kwa jinsi ulivyofungwa. Tumbaku ilikuwa nzuri. Nikaiandika daraja moja chini, ili wakulima wengine waliosimama pale wasiseme nampendelea ndugu. Nilisifiwa. Mkuu wangu alinipiga bega mbele ya watu. Baba mdogo hakunisemesha msimu mzima, na mimi nilimwona yeye ndiye mwenye makosa, mtu asiyeelewa uadilifu. Tabia hiyo nilivuka nayo bahari na sikujua kama ninayo.

Nilimaliza kadi arobaini za Trésor, nikajumlisha, akawa wa saba kwenye orodha ya Kanada. Vilabu husoma majina sita ya kwanza kwa makini. Kuanzia la saba wanasoma kama mtu anavyosoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa. Nililijua hilo. Nilijisikia mtu mwema siku nzima, hata nikanunua mkate wa njugu kwa ajili ya Mwanaidi.

Lorne alirudi na magongo wiki moja kabla orodha haijatoka. Kazi yake ya Agosti ilikuwa usomaji wa pili: anachukua mbio kumi za kila mkimbiaji, anaziandikia kadi zake mwenyewe bila kuona zetu, halafu analinganisha. Alikaa nazo siku mbili. Siku ya tatu aliniita, akaweka mafungu mezani.

Alinionyesha kwamba kwa wakimbiaji wengine mimi na yeye tunatofautiana huku na huku, mara mimi nimepanda, mara yeye amepanda, kama ilivyo kawaida kwa watu wawili wenye macho mazima. Halafu akasogeza fungu la Trésor. Katika kadi kumi, tisa zangu zilikuwa chini ya zake. Hakuna hata moja iliyokuwa juu. Aliuliza, bila ukali, "Huyu unamjua?"

Nikasema ndiyo, anaishi chini yangu.

Alitazama goti lake jipya. Kisha akasema, "Hamisi, umejilinda wewe. Yeye hujampima."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na maneno tayari, uadilifu, lawama za watu, jina la ofisi. Nikaona kila neno linanihusu mimi. Nilimwachia fungu nikarudi mezani kwangu. Lorne na Achieng waliifanya upya kazi yote, mbio arobaini, siku mbili mfululizo, na mimi nikakatazwa kuingia chumbani. Trésor akatoka wa nne. Orodha ikachapishwa Jumatatu kama kawaida. Enyi mnaosoma, lishikeni hili hata mkisahau mengine yote: makosa ya kweli huenda pande zote mbili. Yakienda upande mmoja tu, acheni kumtazama mkimbiaji, mtazameni mwandishi.

Vuli ile watu wa vilabu walikwenda kumwona. Mmoja alikwenda mara mbili. Mwezi Novemba Trésor akaitwa kwenye kambi ya majaribio ya klabu moja ya magharibi, ambayo ingefanyika majira ya kuchipua. Jengo zima likajua. Na jengo zima likaamua kwamba ni mimi niliyembeba. Wazee msikitini walinipa mkono kwa nguvu zaidi. Jirani wa mbele yetu, ambaye kwa miaka minane alikuwa akinilalamikia kuhusu viatu mlangoni, alianza kuniita bosi. Mama Trésor alipanda na sufuria ya sombe yenye mawese na samaki, akasema Mungu anilipe. Nikasema amina. Ningesema nini?

Akaleta tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mwanaidi, ambaye kwao huiita kisamvu na huamini kwamba yake ni bora, alikuwa akinitazama nikila. Nilikuwa nimemweleza habari yote tangu Agosti. Jumapili moja ya Desemba aliisogeza sahani yangu pembeni akasema, "Mume wangu, hicho chakula unakila kwa jina la mtu mwingine. Teremka ukaseme."

Nilimwomba Lorne ruhusa kwa simu, akanipa. Jumatatu nilichukua kabatini fungu langu la kwanza la Trésor, zile kadi arobaini za mkono wangu, na jioni baada ya kazi nikateremka ngazi. Mama Trésor alikuwa ametoka zamu, bado na sare yake. Trésor alikuwa amekaa kwenye zulia akijinyoosha misuli. Nilikataa kukaa. Nilisema kila kitu kwa mpangilio, kwa sababu ningeacha nafasi ningegeuka nyuma: kwamba nilimtambua, kwamba sikusema, kwamba nilimshusha mbio baada ya mbio ili nisionekane nampendelea, kwamba nilimwacha wa saba na nikalala usingizi mzuri, na kwamba aliyemtoa hapo ni mzee mmoja wa magongo asiyemjua hata kwa sura.

Mama Trésor aliweka mkono mdomoni. Trésor hakuinuka. Na yule kijana ambaye kwa miaka kumi na mitano hakuwahi kunijibu kwa Kiswahili hata salamu, alisema polepole, akitafuta maneno, "Ulinishusha ili watu baseme uko muzuri?"

Nikasema ndiyo.

"Kila run?"

Nikasema karibu kila moja. Nikamwonyesha fungu. Akanyoosha mkono, nikampa.

Alizisoma zote. Alizitandaza zuliani kwa safu na kuzisoma moja baada ya nyingine, na mimi nilisimama pale na koti langu nikitoka jasho. Nyingine alizitikisia kichwa. Kwenye moja alicheka kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimeandika kwamba alisaidiwa na bahati, na ile mbio alikuwa amemkokota mtu mgongoni yadi sita. Alikuwa na haki ya kunifukuza, na nilikuwa nangoja anifukuze. Alipofika ya ishirini na tatu akasimama. Mama yake aliuliza imeandikwa nini. Akamsomea: alama mbili, anasita kabla ya kuingia, njia ilikuwa wazi.

Akaishika muda mrefu. Halafu akasema, sasa kwa Kiingereza chake cha kawaida, kwamba kocha wake alimwambia mbio ile haikuwa na kosa, na wenzake vile vile, na video ikionyeshwa kila mtu husema wapinzani walikuwa wengi. Lakini yeye alijua. Njia aliiona, na aliogopa. Kisha akanitazama akarudi kwenye Kiswahili. "Hizi zingine ni uongo. Hii ni ya kweli. Unipe hii."

Mama Trésor aliinuka akaenda kubandika maji ya chai, akaniambia nivue koti.

Trésor alikwenda kambini, akachukuliwa, akacheza misimu minne, na sasa anafundisha wakimbiaji wadogo Brampton. Lorne alistaafu miaka kadhaa kabla yangu, goti linamtii, na hunipigia kila Agosti kunikosoa. Mimi nimeridhika. Nimetoka nikiwa na macho yangu mazima na marafiki wachache wa kweli, na nimekula sombe nyingi kwa jina langu mwenyewe.

Funguo za kabati nimemwachia Achieng. Mtakapokuwa mkipanga upya rafu za vyuo vya Kanada, mtakuta fungu moja lenye mwandiko wangu, limepigwa mstari mwekundu na Lorne, na ndani yake kadi namba ishirini na tatu haimo. Msiitafute. Ipo kwa mwenyewe.